USIKU MREFU: MAZUNGUMZO JUU YA KUKOSA USINGIZI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wakazi wa kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi, katika ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Msemaji ni muuguzi, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, anayejitolea kama mhudumu wa afya wa jumuiya. Kamati imeyachapa kwa sababu wengi waliyaomba, na waliokaa nyuma hawakusikia vizuri kwa ajili ya upepo.)



Nimepewa robo saa niseme habari ya afya. Mwenzangu aliyenitangulia amemaliza habari ya kipindupindu na maji safi, nami nimeomba niseme habari ya usiku. Tangu asubuhi tumekumbuka mengi. Tumekumbuka kwamba kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwamba ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mtu hulibeba peke yake, saa nane za usiku, watoto wakiwa wamelala na yeye anatazama giza. Sitawaomba mnaokosa usingizi mwinue mikono. Nitainua wangu.

Mimi nilikosa usingizi kwa miaka miwili. Na jambo la ajabu ni kwamba haikuwa njiani. Njiani nililala juu ya magunia, nililala nimekaa ndani ya basi, nililala hata mvua ikininyeshea. Usingizi uliniacha baada ya kufika hapa, tulipokwisha kupata nyumba yenye mlango unaofungwa. Mke wangu alinicheka akisema mimi ni mtu wa kulala kwenye hatari tu. Baadaye aliacha kunicheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpigia kelele yeye na watoto kwa mambo madogo, kikombe kimevunjika, chumvi imezidi. Siku moja kituoni nilikuwa napima watoto uzito, nikamwandikia mtoto mmoja uzito wa mwenzake. Mama yake ndiye aliyeona. Ndipo nilipojua kwamba mimi ni mgonjwa.

Sasa niwaeleze nilifanya nini kabla ya hapo, maana naamini wengi wenu mnafanya hayo hayo. Kwanza nilianza kulala mapema. Nilisema, kama usingizi ni mchache, niupe nafasi kubwa. Mwezi huu wa Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili za jioni, baridi ya Dowa mnaijua, taa hakuna, mafuta ni ghali. Saa moja ya usiku nilikuwa tayari chini ya blanketi. Pili, mchana nilijinyosha kidogo kila nilipopata nafasi. Tatu, nilinunua vidonge sokoni. Nne, na hili naona haya kulisema mbele ya wazee, nilionja kachasu. Nitayarudia yote manne.

Kabla ya hayo, hebu tuwe na akili. Si kila anayekesha ana ugonjwa wa usingizi. Kuna anayekesha kwa sababu ana upele, na upele huwasha zaidi usiku mwili ukipata joto. Huyo apewe dawa ya kupaka, yeye na nyumba yake yote siku moja, na nguo zifuliwe. Kuna kunguni. Kuna vidonda vya tumbo, kikohozi kisichokwisha, pumu, maumivu ya mgongo, mama mjamzito ambaye miguu yake haitulii kwa kupungukiwa damu. Kuna anayeamka kukojoa mara nne au tano. Huyo apimwe sukari. Kuna wenzetu wanaokoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika, kisha wanashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Hao wasipewe dawa ya usingizi hata kidogo, inaweza kuwadhuru. Kuna dawa nyingine zenyewe zinazofukuza usingizi. Wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri, ambayo nchi nyingi zimeitumia tangu Shirika la Afya Duniani liipendekeze mwaka 2018 na 2019, wengine hukosa usingizi wakiimeza jioni. Msiache dawa! Mwambieni muuguzi, aangalie kama mnaweza kuimeza asubuhi. Na mtu aliyepita sehemu zenye mbung'o, akawa analala mchana na kukesha usiku, kichwa kinauma na tezi za shingo zimevimba, apimwe malale upesi.

Jambo jingine moja. Yule anayekesha usiku tatu au nne, na bado anasema hana uchovu, anaongea bila kupumzika, anagawa mali yake, huyo si wa mazungumzo yangu ya leo. Na yule ambaye usiku anawaza kwamba afadhali afe, huyo naye asingoje niseme yote. Mpelekeni kituoni leo, au kaeni naye mpaka kuche. Msimwache peke yake na msimhubirie.

Wanaobaki ni wengi. Wataalamu husema kukosa usingizi kumekuwa kwa kudumu mtu akikesha angalau usiku 3 kwa juma, kwa muda wa miezi 3, na mchana akawa hafanyi kazi vizuri. Kwa kipimo hicho, nadhani tungejaza uwanja huu.

Sababu ni nini? Kila mtu atataja yake. Mmoja atasema ni yale niliyoyaona kwetu. Mwingine ni duka lililobaki mjini mwaka 2023, tulipoamriwa sote kurudi kambini. Mwingine ana faili la kwenda Marekani, safari ilikuwa karibu, kisha Januari 2025 mpango ukasimamishwa. Wengine watasema nimerogwa. Sibishani na yeyote katika hao. Ila nawaomba mwangalie moto. Kibiriti ndicho kinachowasha, lakini kibiriti chenyewe kinazimika mara moja. Kinachofanya moto uendelee ni kuni. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Arthur Spielman, alieleza jambo hili mwaka 1987: kinachoanzisha kukosa usingizi sicho kinachokuendeleza. Kibiriti changu kilikuwa vita. Kuni nilizitia mwenyewe kila siku, na zilikuwa zile nne nilizozitaja.

Tuanze na ile ya kulala saa moja. Hesabu. Saa moja ya usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi ni masaa 11. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama masaa 7 hivi. Basi masaa manne yanayobaki utafanya nini gizani? Utawaza. Na ukiwaza mahali pale pale kila usiku, mwili unajifunza kwamba mkeka ni mahali pa kuwaza. Mimi nilikuwa nasinzia nimekaa mlangoni, nikiingia tu kulala macho yanafunguka kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwili ulikuwa umejifunza vizuri sana. Umaskini wetu wa taa ndio unaotufundisha hivi. Mtu wa mjini mwenye umeme ana kosa lake jingine, la kukaa sana macho.

Vidonge sasa. Nililala usiku wa kwanza kama mawe. Usiku wa kumi nikahitaji viwili. Nilipovikosa juma moja, nilitetemeka na sikulala kabisa, nikaamini kwamba ndiyo ushahidi kuwa nahitaji dawa, kumbe ilikuwa dawa yenyewe inanidai. Hiyo ni diazepamu, wengi mnaiita Valium. Aliyeniuzia hakuniuliza jina wala kama nakunywa pombe, na kuchanganya hizo mbili kunaweza kusimamisha pumzi ya mtu usingizini. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR yalitoa mwongozo unaosema dawa za kundi hilo zisitolewe kwa mtu mzima anayekosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Wageni wetu wa mashirika wanaujua. Mtu anapokuja kituoni akilia kwamba halali, akanyimwa kidonge, asidhani amedharauliwa kwa kuwa ni mkimbizi. Lakini na sisi wahudumu tusimnyime kidonge na kumrudisha mikono mitupu. Hilo nalo nimeliona, na si haki.

Kama umekwisha kutumia diazepamu miezi mingi, usiitupe kesho kwa sababu umenisikia. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Njoo tupange kupunguza kidogo kidogo. Vile vidonge vya mafua na mzio vinavyoitwa Piriton vinaleta usingizi siku chache, kisha mwili unavizoea, na asubuhi unakuwa mzito. Kachasu inakulaza nusu ya kwanza ya usiku. Nusu ya pili inakuamsha na kiu na moyo unapiga. Na chai kali ya jioni, hasa ile inayochemka na majani tangu mchana, ihamie asubuhi.

Je, mimi nilipona namna gani? Daktari mmoja aliyepita kituoni alinipa karatasi mbili zilizopigwa chapa, nikazisoma nikakasirika, maana ziliniambia nilale kidogo zaidi. Mtu ana njaa, unamwambia apunguze chakula! Lakini nilikuwa nimechoka kubishana. Baadaye nilijifunza kwamba njia hii ndiyo ambayo madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani, chama chao cha American College of Physicians, waliitangaza mwaka 2016 kuwa ya kwanza kwa kila mtu mzima aliyekosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya dawa yoyote.

Ni hivi. Juma la kwanza hubadilishi kitu, unaandika tu kila asubuhi: niliingia saa ngapi, nililala kama masaa mangapi, niliamka saa ngapi. Daftari la mtoto linatosha. Bibi mmoja jirani yangu asiyejua kusoma alitumia punje za mahindi, punje moja kwa kila saa aliyodhani amelala, akizitia kwenye kikopo. Mwisho wa juma tulihesabu punje 36. Gawa kwa siku 7, ni masaa matano na kidogo. Yangu yalikuwa matano na nusu.

Kisha unachagua saa ya kuamka, na hiyo haibadiliki, uwe umelala au hukulala, hata siku ya Jumapili. Mimi nilichagua saa kumi na moja za alfajiri. Unahesabu kurudi nyuma masaa yale unayolala kweli, unaongeza nusu saa, na usishuke chini ya masaa matano. Mimi ikawa masaa sita, yaani nisiguse kitanda kabla ya saa tano za usiku. Na mchana kutolala, hata kujinyosha.

Ndugu zangu, juma lile la kwanza lilikuwa gumu kuliko safari. Kukaa macho mpaka saa tano bila taa, katika baridi, si mchezo. Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mrundi wa mlango wa pili, naye hakuwa analala. Tulikaa kwa zamu, leo kwangu kesho kwake, tumejifunika blanketi, tukicheza bao gizani. Bao unaweza kulicheza kwa vidole, kete unazihesabu kwa kugusa. Alinidanganya mara nyingi, najua. Siku ya tano saa tatu nilikuwa nasinzia juu ya bao na yeye ananipiga bega: bado! Siku ya tisa niliingia kulala saa tano, na kilichofuata ni jogoo.

Usingizi ukishika, yaani masaa karibu yote unayokaa kitandani umelala kweli, unaongeza robo saa. Juma linalofuata robo saa nyingine ikiwa bado unalala vizuri. Mimi nilifika masaa saba kasorobo nikaona yananitosha.

Karatasi zile zilikuwa na sharti jingine ambalo liliandikwa na mtu asiyejua nyumba zetu. Lilisema: usiposhikwa na usingizi, toka kitandani nenda chumba kingine. Chumba kingine kipi? Tuko saba katika chumba kimoja, na nje usiku si salama, hasa kwa wanawake. Tulilibadilisha hivi: ukiona muda umekuwa mrefu na macho ni makavu, usitazame saa ya simu, inuka ukae. Kaa kwenye kigoda, au mwisho wa mkeka miguu ikiwa chini, jifunike kitenge, ushone kwa mkono kama unaweza, usali kama wewe ni mtu wa sala, upumue polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Usingizi ukija, ndipo ulale. Usipokuja, inuka tena. Maana yake ni mwili usahau kwamba pale ni mahali pa kupigana.

Nawaonya: mwenye kifafa, na yule ambaye amewahi kupatwa na wazimu wa kuchangamka kupita kiasi, wasipunguze usingizi bila kusimamiwa. Vijana wa kabaza, majuma ya kwanza utasinzia mchana. Mtu anayesinzia juu ya baiskeli au pikipiki na abiria nyuma ni hatari. Anza wakati ambao huna safari za mbali.

Na mawazo je? Hayafukuzwi, yanapangiwa saa. Kila siku saa kumi za alasiri, jua likiwepo, kaa na mawazo yako robo saa. Andika, au mwambie mtu: faili langu limefika wapi, ada ya mtoto, ndugu aliyebaki Fizi. Kando ya kila jambo useme ni hatua gani ndogo ya kesho, au useme wazi kwamba hakuna. Usiku likija tena unaliambia saa yako ni kesho alasiri. Linarudi, ndiyo. Lakini linarudi na sauti ndogo.

Kuhusu ndoto za kutisha, ambazo wengine wanaogopa kulala kwa ajili yake, kuna kazi ya kufanya mchana. Unachukua ndoto, si ile mbaya kupita zote, unaibadilisha mwisho wake upendavyo, kisha unaisimulia hiyo mpya moyoni mwako dakika kumi kila siku. Mama mmoja alikuwa anaota mto na watu wanaomfuata. Akaweka daraja, na upande wa pili akamweka dada yake anamngoja na uji. Ndoto haikuacha kuja siku ile ile. Baada ya majuma kadhaa ikaanza kuja mara chache. Mtu ambaye akianza kukumbuka anapotea kabisa, asifanye peke yake, aje kwetu.

Sasa naomba niwaambie na Kamati na wageni wetu, kwa heshima. Yapo ambayo hakuna daftari litakaloyaponya. Vipaza sauti vya vilabu vinavyopigwa hadi saa nane za usiku, na mikesha ya baadhi ya makanisa yetu pia, naomba viwe na saa ya mwisho. Na mimi ni mtu wa kanisa, ninasema nikijua watakaonisubiri pale nje. Wezi wanapozunguka, baba mmoja kila nyumba anakesha. Afadhali mtaa uwe na zamu, watu sita wakeshe na mia wengine walale. Na nyinyi mnaobandika orodha za majina ya mahojiano, tafadhali msibandike Ijumaa jioni mkaondoka. Asiyejiona kwenye orodha hana wa kumwuliza mpaka Jumatatu, na usiku tatu zile nawaona asubuhi yake kituoni, wanakuja wakisema ni malaria. Tunawapima. Si malaria.

Robo saa yangu imekwisha na Mwenyekiti ananitazama. Kila Jumanne, saa tisa za alasiri, nakaa kwenye benchi nyuma ya kituo cha afya. Hakuna foleni wala kadi. Njoo na daftari lako la siku saba, au kikopo chako cha mahindi, na kama una vidonge ulivyonunua njoo navyo pia, sitakunyang'anya. Akina mama wanaonyonyesha, mambo yenu ni tofauti kidogo kwa kuwa mtoto ndiye mwenye saa. Njooni tuzungumze peke yenu, Jumanne ile ile, muuguzi wetu wa kike atakuwepo.